Fundi wa Mwanjelwa kanidhalilisha mbele za watu, eti "Dada, kapime macho"

Mama Kadi (Ilomba)

Wakuu, salamu baadaye. Nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka kwa hasira.

Mnamjua. Wa Mbeya wote mnamjua, yule wa kibanda cha kompyuta Mwanjelwa, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua la saa saba. Simtaji.

Kaniambia nikapime macho. MIMI!

Kompyuta yangu ya nyumbani ilikuwa nzito kuwaka, nikampelekea. Akasema inatakiwa kupigwa Windows upya, Sh 25,000. Nikatoa bila kupunguziwa hata mia. Kuirudisha nyumbani, kila picha ina ukungu. Maandishi yamevimba, yana vivuli pembeni. Mimi natengeneza kadi za harusi na send-off, ndiyo ada ya watoto hiyo. Nafungua picha ya bibi harusi wa Uyole, binti mwembamba kabisa, uso umetanuka kama sinia la pilau! Picha hiyo hiyo kwenye simu naiona safi, mpaka uzi wa shanga shingoni nauona. Macho ni haya haya.

Leo nimebeba mashine na skrini kwenye bodaboda, na mvua ya Mbeya mnaijua. Nafika, namweleza. Hakuiwasha. HAKUIWASHA! Ana hindi la kuchoma mkononi, anatafuna, ananiangalia juu mpaka chini: "Dada, hii skrini nzima. Kapime macho kwanza ndiyo urudi."

Kibanda kimejaa watu. Wakacheka wote. Muuza vocha akacheka. Daladala nzima ya Uyole ikacheka. Nadhani hata huko juu ya mlima Loleza walisikia.

Kapime macho! Na hela yangu anayo!

Kijana wa Soweto

Mama Kadi, kwani ulishapima? 😂😂 Tupia picha tafadhali, tuhukumu na sisi.

Mama Kadi

Kijana, nina umri wa kukuzaa. Nimesema kwenye simu naona!

Mtu wa Baridi

Yule jamaa na mahindi yake namjua. Mimi aliniambia laptop yangu haichaji kwa sababu "nyumba yenu ina umeme mdogo". Chaja ilikuwa imekatika waya, unaonekana kwa macho.

Mzee wa Kihesa

Hapa Iringa tuna wa kwetu, ni pacha wake. Pole sana mama.

Waya Mbili (Mafinga)

Dada pole. Acheni kucheka, tatizo lake linajulikana. Ukipiga Windows upya usipoweka draiva ya picha (programu inayoendesha upande wa picha), kompyuta inatumia ya kuazima, na mara nyingi inakwama kwenye nukta 1024 x 768. Skrini nyingi pana za siku hizi zimetengenezwa kwa 1920 x 1080. Ikiletewa picha ndogo inailazimisha ijae kioo kizima, ndiyo ukungu unakuja. Na kwa kuwa 1024 x 768 ni umbo la skrini za zamani, sura za watu zinavutwa pembeni. Huyo bibi harusi kanenepeshwa hapo.

Bonyeza kulia kwenye sehemu tupu, ingia Display settings, angalia Display resolution. Kisha fungua Device Manager, sehemu ya Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, draiva haipo.

Jembe Kali

Mimi nasema ni kebo. Ile ya VGA yenye kichwa cha bluu ikilegea, maandishi yanapata vivuli. Kaza skrubu, kisha bonyeza kitufe cha Auto kwenye skrini.

Waya Mbili (Mafinga)

Mkuu, kebo inaleta vivuli kweli. Lakini uso kutanuka namna hiyo, hapana.

Mama Kadi

NIMEONA! 1024 x 768, na nikitaka kubadilisha inakataa. Na hilo jina la Basic lipo pale pale! Kumbe hakumaliza kazi niliyomlipa, halafu anatafuna hindi ananiambia kapime macho! Mbele ya muuza vocha!

Waya Mbili (Mafinga)

Unganisha intaneti ya simu kwa waya wa USB, ingia Windows Update, itafute yenyewe. Ikishindikana, ipakue kwenye tovuti ya waliotengeneza kompyuta kwa kufuata modeli yako. Ikishaingia, rudi Display resolution, chagua ile iliyoandikwa Recommended. Usimpelekee mtu tena.

Kijana wa Soweto

Kwa hiyo macho mazima? Shikamoo mama.

Mama Kadi

Sitaki shikamoo yako. Ngoja ipakue, kesho naenda pale pale, watu wakijaa ndiyo naongea.

Tukuyu Ndizi

Nyie mnalia na Sh 25,000. Fundi cherehani wangu kanishonea suti ya harusi mkono mmoja mfupi, akasema bega langu limeshuka.

Mzee wa Kihesa

😂😂😂 Bega limeshuka!

Viazi Njombe

Hao mafundi afadhali. Njooni mwone madalali wa viazi. Gunia lisizidi kilo 100, wao wanataka lumbesa, linawekwa kilemba juu mpaka halipiti mlangoni. Ukikataa wanakwambia viazi vyako vina maji.

Jembe Kali

Huyo dalali mwenye pikipiki nyekundu? Alishanipitia na mimi!

Viazi Njombe

Huyo huyo! Mwaka huu bila mizani shambani viazi vyangu haviondoki.

Tukuyu Ndizi

Gunia unatoa shilingi ngapi kwa mizani? Nataka mawili yafike kabla ya harusi.

Viazi Njombe

Njoo inbox mkuu. Vyekundu au vyeupe?