Wanawake tunaosumbuliwa na choo kigumu, tupeane uzoefu

MamaPili: Nimetoka duka la dawa sasa hivi. Dada aliyenitangulia kaomba Dulcolax, ile dawa ya kulainisha choo, kwa kunong'ona kama ananunua bangi. Nikacheka, maana nami nilifuata hiyohiyo. Kwangu ilianza na ujauzito wa kwanza: kliniki wakanipa FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, choo kikawa cheusi, kigumu, na hakuna aliyenitahadharisha. Nyie mlitokaje?

Shangazi_Temeke: FEFO! Umenikumbusha mbali.

BiHarusiMstaafu: Mimi yalinikuta ukweni Singida, tumekwenda kusalimia baada ya ndoa. Choo kiko uwani, njia ni moja tu, inapita kibarazani, na hapo kibarazani baba mkwe anashinda na redio yake. Bi harusi mpya na kopo la maji unampitaje? Nikawa nabana. Haja ikija naizuia, ikirudi nashukuru Mungu. Maji nayo sinywi, nisije nikapita pale mara kwa mara. Chakula nadonoa kwa aibu, hata mlenda wao mtamu ule. Karibu wiki nzima!

Tumbo likajaa, likakaza. Mama mkwe kalitazama, kapiga kigelegele: mjukuu! Majirani wakaja kunipongeza. Usiku nikaanza kutapika, jasho linanitoka, nikapakiwa kwenye bodaboda hadi zahanati. Daktari ananiuliza mbele ya mama mkwe, "Haja kubwa mara ya mwisho ulipata lini?" Nikapigwa enema, dawa ya maji ya kupitishia nyuma. Yaliyofuata siandiki. Mpaka leo mawifi wakinipigia, kabla ya shikamoo ni "umepata choo?"

Shangazi_Temeke: 😂😂😂 Mjukuu!!

Nuru_Tanga: Hao mawifi hawana adabu.

BiHarusiMstaafu: Waache mawifi zangu, tunapendana.

MamaPili: Na baba mkwe je?

BiHarusiMstaafu: Alichimba choo kingine nyuma ya nyumba. Hakusema neno.

Bibi_Sanamaki: Wajukuu, mnahangaika bure. Sanamaki. Chemsha majani, kunywa ukilala, asubuhi unaimba.

DadaFamasia: Shikamoo bibi. Sanamaki ni dawa kweli, hata vidonge vya sena vinatokana nayo. Kwa siku chache sawa. Ukiinywa kila siku utaharisha, utapoteza maji na potasiamu. Wajawazito, mafuta ya nyonyo msiguse, yanaweza kuamsha uchungu. Na FEFO msiache kimyakimya, mwambieni nesi. Choo cheusi ukiwa unazimeza ni kawaida.

Bibi_Sanamaki: Marahaba. Unauza vidonge, lazima useme hivyo.

Chepkorir_K: Sisi Kericho ni mursik tu, maziwa yetu ya mgando, hayo mambo hatuyajui.

Nuru_Tanga: Mwenzetu unapanda vilima kila siku. Tujuaje ni mursik au ni vilima?

Chepkorir_K: Sasa unatukana mursik?

DadaFamasia: 😂 Nuru kauliza la maana. Bakteria hai wa maziwa ya mgando huwasaidia baadhi ya watu, tena kwa kiasi. Inategemea aina ya bakteria na tumbo la mtu. Mtindi ukipashwa moto hadi uchemke, wamekufa. Kutembea nako kunasaidia utumbo usilale. WHO wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, kwa mwendo wa kuhema kidogo. Na haja ikiita, nenda! Kubana ndiko kunakotuponza wengi. Asubuhi baada ya chai ndipo utumbo unapoamka.

Shangazi_Temeke: Nenda wapi? Sokoni kwetu choo ni cha kulipia, mlango haufungi, na foleni nusu ni wanaume. Natoka nyumbani alfajiri, chai nakunywa gengeni. Huo utumbo unaamkia kwenye daladala.

MamaPili: Hapo umesema.

Kaka_Mdau: Wanaume turuhusiwe? Shemeji yenu papai limemsaidia, ila ukwaju ndio kiboko.

Nuru_Tanga: Kaka pita kule. (Ukwaju kiasi gani?)

Rehema_M: Jamani, mimi naona damu nyekundu kwenye karatasi. Naogopa kusema nyumbani.

Shangazi_Temeke: Bawasiri hiyo mama, kalia beseni la maji ya uvuguvugu.

DadaFamasia: Inaweza kuwa bawasiri au mchubuko, lakini asiyekuona hawezi kujua. Nenda upimwe wiki hii. Kama na uzito unapungua au choo kimebadilika ghafla, nenda kesho.

Bibi_Sanamaki: Akirudi anywe sanamaki.

DadaFamasia: BIBI!