Ushauri: goti la bandia la mama, roboti au mkono wa daktari?

Kitindamimba: Wakuu, habari za jioni. Mama ana miaka 68, goti la kulia limesagika, daktari kasema libadilishwe. Ana matege toka ujana. Nasikia goti la bandia likikaa upande, plastiki yake inalika upesi. Tusubiri hospitali yenye roboti au mkono unatosha? Silali.

BinTabibu: Roboti nyingi hazikati zenyewe mkuu, zinamzuia daktari asitoke kwenye mstari. Mstari unaanzia katikati ya nyonga, unapita katikati ya goti hadi kifundo cha mguu. Wengi hulenga usipotoke zaidi ya digrii 3. Kapigwa eksirei ya mguu mzima amesimama?

Mzee_Mkongojo: Mimi nilibadilishwa yote mawili. Goti si tatizo, tatizo ni wakwe kuja kukutazama kila siku na kukaa mpaka usiku.

MamaNuru: Apunguze uzito kwanza, na mumuombe Mungu.

Kitindamimba: Eksirei ni ya goti tu.

BinTabibu: Hiyo haionyeshi nyonga wala kifundo. Huo mguu uliwahi kuvunjika?

Kitindamimba: Paja, zamani. Lina chuma ndani mpaka leo, ila halimsumbui.

BinTabibu: Na hilo ndilo umelificha! Kwa kawaida daktari hutoboa mfupa wa paja kuanzia gotini, anapitisha fimbo ndani, kisha anafunga hapo kifaa cha kuongoza msumeno. Kukiwa na chuma, fimbo itapita wapi? Kwa roboti au kompyuta, alama zinafungwa kwenye mfupa, kamera inazifuata, daktari anauzungusha mguu na mashine inapata katikati ya nyonga. Fimbo haihitajiki. Daktari anajua?

Kitindamimba: Si ataona mwenyewe? Ni mzoefu. Tarehe ni wiki ijayo na malipo ya awali nimeshatoa. Nikiahirisha, ndugu watanielewaje?

Kijiti: Daktari hakuona kovu la paja? Hii chai.

Mzee_Mkongojo: Tena mwezi uliopita mama yake alikuwa na miaka 54, anatafutiwa mchumba 😂

Kitindamimba: Yule mama mdogo! Tuheshimiane. Daktari alitazama goti tu, gauni halikupandishwa.

BinTabibu: Chai au si chai, kesho piga simu, useme kuna chuma, waombe eksirei ya mguu mzima. Na matege, muulize atanyoosha kabisa au atabakisha kidogo. Mtafiti Bellemans na wenzake, 2012, waliwapima vijana wenye magoti mazima: 32% ya wanaume na 17% ya wanawake walikuwa na matege ya digrii 3 au zaidi.

MamaNuru: Mchumba alipatikana?