Wakuu, paka kanenepa kupita kiasi. Nimpunguzeje haraka?

Mgebuka Mkavu:
Habari za jioni wakuu. Nipo Kigoma mjini, maeneo ya Mwanga. Kuna paka hapa nyumbani, dume, kahasiwa, ana kama miaka sita. Januari alikuwa na kilo tano kasoro. Juzi nimempandisha kwenye mzani wa dagaa, kasoma saba na nusu. Tumbo linaburuza. Ukuta wa jirani aliokuwa anauruka kama mchezo sasa anautazama tu, na manyoya ya mgongoni yameshikana kwa sababu hafikii kujilamba. Sisi tunafanya biashara ya dagaa, kwa hiyo hajawahi kukosa dagaa wabichi wa mwaloni hata siku moja. Nataka apungue kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Kuna dawa?

Kiti cha Mbele:
Nimekaa hapa nawasubiri wataalamu.

Dada wa Gungu:
Huyo ana mimba kaka.

Mgebuka Mkavu:
Nimesema dume.

Dada wa Gungu:
Basi ana siri.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Mkuu, huku Tabora tulikuwa na mbwa aliyezoea makombo ya mgahawa. Alinenepa mpaka mwizi akaja kuchukua baiskeli, mbwa akafungua jicho moja, akamtambua kuwa ni mwizi, akalifunga. Baba hakununua dawa yoyote. Alianza kutoka naye kila alfajiri kwenda kukagua mizinga ya nyuki porini, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Baada ya miezi kadhaa walipungua wote wawili, ila baba ndiye aliyepungua zaidi, mpaka mama akaanza kumwuliza maswali. Sasa sijui kama paka anatembezwa.

Mja wa Mungu:
Kuna watoto wanalalia uji, wewe unaomba ushauri paka kashiba. Tutaulizwa.

Sindano ya Ng'ombe:
Mimi ni wa mifugo, kazi yangu zaidi ni ng'ombe ila paka pia napata. Mleta uzi, kwa nini Jumamosi? Na kwa sasa anakula kiasi gani kwa siku?

Mgebuka Mkavu:
Jumamosi ni mambo ya kifamilia tu. Chakula nimeshampunguzia.

Sindano ya Ng'ombe:
Umempunguzia mpaka wapi?

Mgebuka Mkavu:
Mkuu mbona kama polisi.

Sindano ya Ng'ombe:
Jibu.

Mgebuka Mkavu:
Haya. Tangu juzi asubuhi nimemfungia stoo na bakuli la maji, basi. Paka si wangu, ni wa mama mkwe. Yuko Dar tangu Januari kwa matibabu ya macho, anarudi na treni hiyo Jumamosi. Paka alikuwa wa marehemu baba mkwe, na mama kila akipiga simu anamwulizia kwangu, si kwa binti yake. Mke hajui, nimemwambia paka yuko stoo anakamata panya. Na msinihukumu, sisi wenyewe Ramadhani tunafunga mwezi mzima na hatufi.

Mtoto wa Ujiji:
Ramadhani gani hiyo isiyo na futari wala daku, shehe?

Sindano ya Ng'ombe:
Kaka, mfungulie usiku huu. Paka mnene si kama mbwa. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini yanakimbilia kwenye ini na ini linashindwa kazi. Utaona ufizi na ndani ya masikio pamekuwa manjano, na hapo mama mkwe atapokea kaburi. Paka anapunguzwa taratibu. Kwa huyo wa kilo saba na nusu, gramu 75 hivi kwa wiki zinatosha, yaani kurudi kilo tano ni miezi saba au minane. Jumamosi isahau. Akihasiwa anahitaji chakula kidogo kuliko zamani, ila tamaa haipungui. Kwa hiyo mpimie kwa kikombe kilekile, ugawe mara tatu au nne, maziwa na mawese uache, kisha umvutie kamba akimbie kidogo jioni. Mpime kila wiki. Ukimpapasa ubavuni na kuzihisi mbavu bila kubonyeza sana, umefika. Kabla ya yote umlete aonwe, maana akiwa anakunywa maji sana na kukojoa sana inaweza kuwa kisukari. Swali moja: huko stoo anapata choo?

Mgebuka Mkavu:
Anapata. Jana mara mbili, leo mara mbili. Kikubwa tu.

Chai Rangi:
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Soma juu: "hajawahi kukosa dagaa wabichi hata siku moja." Ziwa Tanganyika mwaka huu wa 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu hiyo paka alivuliwa dagaa kwenye ndoo? Leta picha.

Kiti cha Mbele:
Nilijua tu. Sukari iongezwe.

Mgebuka Mkavu:
Niliandika kwa haraka. Ziwa lilipofungwa alikula wakavu, tulikuwa na magunia ya akiba stoo. Na ugali wa mawese kidogo, na maziwa mke anapochemsha. Picha siwezi, mama mkwe ana wajukuu humu.

Chai Rangi:
Sawa, nakukubalia. Hayo magunia yalikuwa stoo ipi?

Mgebuka Mkavu:
Tuna stoo moja.

Dada wa Gungu:
Weeee.

Mgebuka Mkavu:
Sikilizeni kwanza. Magunia yapo juu ya chanja, yamefungwa kwa kamba. Paka mwenyewe ukuta hauwezi.

Sindano ya Ng'ombe:
Siku mbili bila kula na choo mara nne. Nenda kaangalie, chukua tochi.

Mtoto wa Ujiji:
Dakika ishirini sasa. Jamaa kaliwa na yeye.

Mgebuka Mkavu:
Nimerudi. Gunia la chini lina tundu la kupitisha kichwa. Naye kalala ubavuni mwake.

Chai Rangi:
Naomba radhi, hii si chai.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Kapungua?

Mgebuka Mkavu:
Saba na nusu, na kitu kidogo juu.

Sindano ya Ng'ombe:
Basi ini halina shida. Mtoe humo sasa hivi, kesho asubuhi mlete.

Mgebuka Mkavu:
Nasikia geti. Lile gunia lilishauzwa, mteja analifuata kesho. Ngoja kwanza nimfuate mke.