Sedani mpya kati ya Arusha na Moshi: je, ulaji wa mafuta ulioandikwa kwenye kijitabu unafikika?

Mkazi wa Njiro

Ndugu zangu, habari za leo. Mwaka huu nimenunua sedani mpya yenye injini ya petroli ya lita 1.5 na gia otomatiki ya aina ya CVT, na kabla ya kulipa nilisoma kijitabu chake kwa makini, kwa sababu mafuta ndiyo gharama itakayonifuata kila wiki kwa miaka yote nitakayokuwa na gari hili. Kijitabu kinasema linatumia lita 5.9 kwa kilomita 100, yaani karibu kilomita 17 kwa lita moja. Katika matumizi yangu ya kila siku, ambayo ni kutoka Njiro, kumwacha mtoto shuleni, kupita kipilefti cha Impala wakati wa foleni, kufika kazini karibu na Mnara wa Saa na kurudi jioni, kompyuta ya dashibodi inaonyesha lita 8.9 kwa kilomita 100. Ninapokwenda Moshi kuwaona wazazi inashuka hadi 5.2 hivi, lakini ninaporudi Arusha kwa barabara ileile na kwa mwendo uleule inapanda hadi 7.0.

Watu niliowauliza wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anasema watengenezaji wa magari huandika tarakimu za kuvutia wateja tu, wa pili anasema hewa nyepesi ya Arusha ndiyo inayolifanya gari linywe mafuta, na wa tatu anasema petroli yetu imechakachuliwa. Ningependa kusikia kutoka kwa wenye ujuzi: je, gari hili lina kasoro ambayo inafaa niipeleke ikachunguzwe wakati waranti ingalipo, au hiyo ndiyo hali halisi ya barabara zetu? Na kompyuta ya dashibodi niiamini kwa kiasi gani?

Mwalimu wa Soweto, Moshi

Dada, hongera kwa gari. Nitaanza na safari ya Moshi, kwa sababu tarakimu ulizozileta zina jibu ndani yake.

Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko chini yake kwa takriban mita 500. Gari lako likiwa na abiria na mizigo lina uzito wa kilo 1,400 hivi. Kuupandisha uzito huo mita 500 kunahitaji nishati ya karibu megajuli 7, na lita moja ya petroli ina karibu megajuli 32, ambazo injini hubadilisha takriban theluthi moja tu kuwa kazi, nyingine zikipotea kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Kwa hiyo kila lita inakupa kama megajuli 10 za kulisukuma gari, na mpando wa kutoka Moshi hadi Arusha, peke yake, unakugharimu karibu lita 0.7. Unaposhuka, sehemu kubwa ya kiasi hicho unarudishiwa, kwa kuwa mteremko unafanya kazi ambayo injini ingeifanya.

Sasa angalia tarakimu zako. Kwa umbali wa kilomita 80 hivi, lita 5.2 kwa kilomita 100 ni lita 4.2 za kwenda, na lita 7.0 kwa kilomita 100 ni lita 5.6 za kurudi. Tofauti ni lita 1.4, ambayo ni mara mbili ya ile 0.7 niliyoikokotoa: mara moja umeipata bure ulipokuwa ukishuka, na mara moja umeilipa ulipokuwa ukipanda. Gari lako linatii sheria za fizikia kwa uaminifu mkubwa. Hapo pia ndipo hoja ya petroli iliyochakachuliwa inapodhoofika, kwa sababu petroli ileile iliyokuwa ndani ya tangi ulipokwenda ndiyo uliyorudi nayo.

Ukiunganisha kwenda na kurudi unapata lita 6.1 kwa kilomita 100, ambayo iko jirani kabisa na 5.9 ya kijitabu. Kwa njia yetu hii, safari ya upande mmoja haimwambii mtu chochote kuhusu gari lake. Nimewasikia watu wengi wakisifu gari kwa safari ya kwenda Moshi na wengine wakililaumu gari la aina ileile kwa safari ya kwenda Arusha, na inanisikitisha kwa sababu maneno hayo ndiyo watu wanayoyategemea wanapochagua gari la kununua.

Jambo moja zaidi la hesabu. Usitafute wastani kwa kujumlisha kilomita kwa lita na kugawanya kwa mbili. Ukienda kilomita 100 kwa kilomita 20 kwa lita, kisha kilomita 100 kwa kilomita 10 kwa lita, umetumia lita 5 na lita 10, jumla lita 15 kwa kilomita 200, yaani kilomita 13.3 kwa lita, wala si 15. Jumlisha lita zote, jumlisha kilomita zote, ndipo ugawanye.

Kuhusu kijitabu, sikubaliani na anayesema ni uongo. Tarakimu hiyo inapimwa maabara, gari likiwa juu ya rola, bila kiyoyozi, bila mlima na bila upepo wa pembeni, likifuata ratiba moja ya mwendo ili magari yote yalinganishwe kwa kipimo kimoja. Ratiba zenyewe zinatofautiana sana. Ule utaratibu wa zamani wa Ulaya uitwao NEDC ulikuwa mpole mno, na ndiyo maana kuanzia Septemba 2017 nafasi yake ilianza kuchukuliwa na WLTP, ambao mzunguko wake una kilomita 23 hivi kwa dakika 30, na mwendo wa juu unaofikia kilomita 131 kwa saa. Wajapani walikuwa na utaratibu wao ulioitwa 10-15, kisha JC08, ambao mwendo wake wa wastani ni kilomita 24 hivi kwa saa, kabla ya kuanza kutumia kipimo cha familia hii ya WLTP. Kwa hiyo anayekuambia kwamba gari lake la mtumba kutoka Japani liliandikiwa kilomita 23 kwa lita anatumia rula tofauti na yako. Angalia kwenye kijitabu ni utaratibu upi uliotajwa. Kama ni NEDC au JC08, tarajia kuikosa kwa mbali zaidi.

Dereva wa KIA

Ninaendesha abiria kati ya Arusha na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, yaani KIA, kwa sedani yenye injini kama hiyo, kwa hiyo nitazungumzia mguu wa dereva, ambao hesabu za Mwalimu hazikuugusa.

Dada anasema anatumia mwendo uleule kwenda na kurudi, lakini hakutaja ni mwendo gani. Baada ya Kikatiti barabara inafunguka na watu hukanyaga mpaka 110, kisha wanafunga breki kwa nguvu wanapoona kibao cha 50 au wanapokumbuka kwamba askari wenye tochi za kupima mwendo huwa mbele. Kila unapopoteza mwendo kwa breki unatupa mafuta uliyokwisha kuyachoma, na utayachoma mengine kuurudisha mwendo huo. Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti na Boma Ng'ombe zote zina watoto wanaovuka, bodaboda na matuta. Mimi huondoa mguu mapema, mara tu ninapoviona vibanda vya kwanza, gari likajipunguza lenyewe hadi 50 bila kugusa breki. Abiria hata hawatambui, na mafuta ninayookoa kwa wiki yanaonekana mfukoni.

Naomba pia niseme kwa msisitizo: tafadhali msishuke mteremko wa daraja la Kikafu mkiwa mmeweka nyutro. Wenzetu wengi wanaamini kwamba wanaokoa mafuta. Injini ya kisasa ikiwa kwenye gia na mguu ukiwa umetoka kwenye pedeli ya mafuta, kompyuta hukata kabisa petroli inayoingia kwenye silinda, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike, na wewe umebaki na breki peke yake kuushikilia mzigo wote kwenye mteremko. Unatumia mafuta zaidi na unahatarisha maisha ya watu.

Kwenye suala la hewa nyepesi, mimi naamini lina ukweli. Gari langu lina nguvu zaidi ninapokuwa tambarare ya KIA kuliko ninapopanda Sakina.

Mwalimu wa Soweto, Moshi

Dereva amenena vyema kuhusu mwendo. Naongeza tu kwamba ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 100 kwa saa unaongezeka kwa asilimia 56, na ukifika 110 unakaribia kuwa maradufu ya ule wa 80. Na kupunguza mwendo kwa breki kutoka 80 hadi 50, kisha kuurudisha, kunagharimu kama mililita 20 za petroli kwa gari la uzito huu. Ni kidogo ukikutazama mara moja, lakini vijiji ni vingi.

Mkazi wa Njiro

Nawashukuru sana. Sehemu ya Moshi sasa imenielea. Mwendo wangu ni kati ya 80 na 90 pale panaporuhusiwa. Kinachonisumbua bado ni ile 8.9 ya mjini, ambayo ndiyo matumizi yangu makubwa. Je, nayo ina maelezo ya namna hii?

Fundi wa Sakina

Dada yangu, inayo, na ni mambo mawili makubwa: foleni na ubaridi wa injini.

Injini ya lita 1.5 iliyosimama ikinguruma, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hula karibu lita moja kwa saa. Tuseme mzunguko wako wa siku ni kilomita 20 hivi, na kati ya Impala, Kijenge na mjini unakaa umesimama nusu saa kwa jumla, asubuhi na jioni. Hiyo ni nusu lita ambayo haikulisogeza gari hata hatua moja, na ukiigawa kwa kilomita 20 ni lita 2.5 kwa kila kilomita 100. Ongeza hizo kwenye 5.9 uone umefika wapi: 8.4, kabla hatujagusa kitu kingine.

Kinachobaki ni ubaridi. Injini ikiwa baridi, kompyuta huongeza petroli, oili inakuwa nzito na gia hazijalegea. Kwa safari fupi kama zako, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo Arusha ina baridi ya kweli, unafika kazini injini ikiwa ndiyo kwanza imepata joto lake. Kisha inapoa mchana kutwa, na jioni unaanza upya. Hakuna haja ya kuliacha gari lingurume kwa dakika nyingi nyumbani ukisubiri lipate joto. Ondoka mara moja na uliendeshe taratibu, litapata joto likiwa njiani.

Kuhusu hewa nyepesi, namheshimu Dereva, na ni kweli kwamba injini isiyo na tabo, yaani feni ya kuisukumia hewa ndani, hupungukiwa nguvu mwinuko unapoongezeka. Lakini nguvu na ulaji ni vitu viwili. Wakati wa magari ya kabureta, hewa ikipungua petroli iliyoingia ilibaki ileile, injini ikalewa mafuta na moshi mweusi ukatoka nyuma. Gari la EFI, yaani lile ambalo kompyuta ndiyo inayopima petroli ya kupuliziwa kwenye injini, lina sensa zinazopima hewa inayoingia na oksijeni iliyobaki kwenye ekzosi, na petroli inapunguzwa kulingana na hewa iliyopo. Tena hewa nyepesi humpa dereva unafuu barabarani, kwa kuwa ukinzani wake ni mdogo kuliko wa Tanga au Dar es Salaam. Mwinuko utakudhuru pale tu unapokanyaga sana ili kuidai nguvu iliyopungua.

Kompyuta ya dashibodi ni msaada mzuri wa kulinganisha leo na jana, ila mara nyingi huonyesha ulaji mdogo kuliko uhalisia kwa asilimia chache. Kipimo cha kuaminika ni tangi kwa tangi. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usimruhusu mhudumu aongeze, weka kilomita kwenye sifuri, tumia mpaka libaki robo tangi, kisha rudi kwenye kituo kilekile na pampu ileile ukajaze tena. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Hapa ndipo tunapokwama wengi wetu, kwa sababu tunanunua mafuta ya shilingi elfu ishirini leo na elfu thelathini keshokutwa, na kwa namna hiyo huwezi kujua lolote: pampu ikitofautiana kwa nusu lita katika lita 40 ni kosa la asilimia moja na kidogo, lakini katika lita 7 ni asilimia saba. Andika matangi kadhaa mfululizo kwenye daftari, ukitenganisha ya mjini na ya safari.

Kwa tarakimu ulizozitaja sioni dalili ya ugonjwa. Hata hivyo, unapolipeleka gari kwenye sevisi ya kwanza, simamia jambo moja kwa nguvu zako zote, nalo ni oili. Sedani nyingi za sasa zimeagizwa oili nyepesi ya daraja la 0W-20 au 5W-30, nayo imeandikwa kwenye kijitabu na mara nyingi kwenye kifuniko cha oili. Gereji nyingi za mitaani zitakuwekea 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, kwa kudhani kwamba nzito ndiyo imara. Oili hiyo huongeza msuguano, hasa asubuhi injini ikiwa baridi, ambayo ndiyo hali yako ya kila siku. Upepo wa tairi upimwe tairi zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, wala si kwa kiwango ambacho kijana wa pancha amekizoea.

Ukitaka kujiridhisha kuhusu breki, endesha umbali mfupi barabara tulivu ukizitumia kidogo iwezekanavyo, simama, kisha sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake inashika, na hilo ndilo la kulipeleka gari kwenye waranti. Jambo jingine la kulipeleka ni taa ya injini ikiwaka, au kipimo cha tangi kwa tangi cha mjini kikipanda juu ya lita 10 ilhali njia na foleni ni zilezile.