Mpiga fidla akiwa pia mwalimu na mtangazaji: je, upigaji wake haudhoofiki?

Mwanafidla:
Ndugu wanajukwaa, nimepiga fidla ya klasiki kwa miaka mingi, nafundisha wanafunzi wachache, na sasa nimeombwa kuendesha kipindi cha redio kinachowaeleza muziki huo wasikilizaji wasioufahamu. Mwalimu wangu wa zamani ananionya kwamba mwenye maneno mengi huishia kuwa na mazoezi machache. Je, yupo mpiga fidla mkubwa aliyezibeba kazi zote tatu?

Kamba Nne:
Yupo Yehudi Menuhin, aliyezaliwa New York mwaka 1916, ingawa mambo hayakumjia kwa wepesi unaodhaniwa. Mwaka 1929, kabla hajatimiza miaka 13, alipiga Berlin koncheto (tungo za fidla ikiongoza pamoja na okestra) za Bach, Beethoven na Brahms katika tamasha moja chini ya uongozi wa Bruno Walter, na mwaka 1932 alirekodi koncheto ya Elgar huku mtunzi mwenyewe akiiongoza okestra. Utotoni alipiga bila kuhitaji kujua mkono wake unafanya nini. Ukubwani, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ambamo aliwapigia wanajeshi mamia ya matamasha, mkono wa upinde ulianza kumgomea, ikambidi ajifunze upya namna ya kusimama, kupumua na kushika upinde, mambo ambayo awali yalikuja yenyewe. Alipokwenda India mwaka 1952 alikutana na mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar, akawa mwanafunzi wake. Kwa maoni yangu, mwalimu ndani yake alizaliwa katika miaka hiyo ya tabu, kwa kuwa asiyewahi kupotea njia hana la kumwelekeza mwingine. Mwaka 1963 alianzisha shule ya wanamuziki vijana nchini Uingereza, ambako wapiga fidla Nigel Kennedy na Tasmin Little walisoma, na mwaka 1979 televisheni ya Kanada ilionyesha vipindi vinane vya historia ya muziki alivyoviongoza mwenyewe.

Msikilizaji Mkongwe:
Ndugu Kamba Nne, nakubali sehemu kubwa ya maelezo yako, lakini tusimfichie muulizaji kwamba katika rekodi nyingi za Menuhin za miaka ya baadaye upinde unatetemeka na baadhi ya noti zinakosa usahihi wake wa ujanani. Hata hivyo, kasoro hizo zilianza kusikika kabla ya shule na kabla ya vipindi hivyo vya televisheni, kwa hiyo kuzilaumu kazi hizo ni kuligeuza tokeo kuwa chanzo.

Upinde:
Mimi nitajibu upande wa vitendo, kwa sababu nimewahi kuzungumza na kupiga katika tamasha hilohilo. Ugumu haumo katika maneno bali katika kuvuka kutoka kwenye maneno kwenda kwenye upinde: ukizungumza dakika tano vidole vinapoa, pumzi inapanda kifuani, na kamba ulizokwisha kuzilinganisha zinaweza kulegea chini ya taa za jukwaa. Usiweke kipande kigumu mara tu baada ya maelezo marefu. Redioni una nafuu, maana maelezo unaweza kuyarekodi siku nyingine kabisa. Tena, eleza kwa fidla kuliko kwa sifa: piga sentensi moja ya muziki kwa upinde uliounganisha noti, kisha uirudie ukizitenganisha, na msikilizaji ataitambua tofauti bila kuhitaji istilahi hata moja. (Wanafunzi wako nao watafaidika, kwani mwalimu anayeonyesha husahihisha haraka kuliko anayehubiri.)

Mwanafidla:
Nawashukuru nyote. Nitakikubali kipindi, maelezo nitayarekodi mchana, na saa mbili za kwanza za asubuhi zitabaki kuwa za mazoezi peke yake. Ndugu Upinde, je, ungeanza na kipande kipi kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuisikia fidla ikipigwa peke yake, bila piano?

Upinde:
Ningeanza na gavoti, yaani dansi ya zamani ya Ufaransa, kutoka partita (mfululizo wa vipande vya dansi) ya tatu ya Bach ya fidla peke yake. Ni fupi, ina mwendo wa dansi, na wazo lake la mwanzo hurudi mara kwa mara, hivyo msikilizaji hulitambua kabla hujamweleza lolote.