Nimepunguzwa kazi: niombe mafao Texas au Iowa?

Mgeni_Dallas: Wakuu, shikamooni. Ghala letu hapa Dallas limepunguza watu Mei hii na mimi nimo. Mwaka jana nilianzia Des Moines, Iowa, kabla ya kuhamia huku Texas. Nasikia naruhusiwa kuomba mafao ya kukosa kazi jimbo lolote kati ya hayo mawili. Lipi lina nafuu?

Bi_Mkubwa: Marahaba. Sasa hapo tukujibu nini? Iowa uliondoka mwezi gani? Robo mwaka iliyokulipa zaidi ni dola ngapi? Una watoto wangapi?

Mgeni_Dallas: Iowa Januari hadi Juni, Texas tangu Julai. Robo ya juu 10,000 kabla ya makato, mwaka mzima 36,000. Watoto watatu.

Hesabu_Kali: Texas inagawa robo ya juu kwa 25, watoto hawaulizwi: 400 kwa wiki. Iowa inagawa kwa 23 kama huna mtegemezi, ukiwa na watatu inagawa kwa 20: unapata 500. Ila tangu 2022 Iowa inaishia wiki 16, yaani 8,000. Texas jumla yako ni asilimia 27 ya ile 36,000, isizidi wiki 26. Ni 9,720, wiki 24 na kitu.

Bi_Mkubwa: Kodi ya nyumba haingoji wiki ya 24. Mwenye watoto watatu achukue 500. Tena Texas wiki ya kwanza wanaishikilia, Iowa hawana hiyo.

Mzee_wa_Rufaa: Bibi, usimharakishe kijana. Iowa wanataka shughuli nne za kutafuta kazi kila wiki, tatu ziwe maombi halisi. Kaunti nyingi za Texas ni tatu tu. Rufaa Iowa ni siku 10 tangu barua itumwe, Texas 14. Barua ikienda anwani ya zamani ya Des Moines, siku zinakwisha hujaiona.

Hesabu_Kali: Vyovyote vile, usivuke Juni. Ukiomba sasa zinahesabiwa robo nne za mwaka jana, Januari hadi Desemba. Ukiomba Julai, robo ya kwanza ya Iowa inadondoka. Ukifika Oktoba Iowa yote imetoka, hakuna cha kuchagua. Na maombi ya majimbo mawili huchelewa, kwa sababu mishahara inaagizwa kutoka jimbo la pili. W-2, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka, na hati za mshahara ziwe karibu.

Mzee_wa_Rufaa: Mnabishana jimbo, kumbe watu huangukia kwenye kuripoti kipato wakiwa wanapokea mafao. Mtu anapata zamu mbili za vibarua, Ijumaa na Jumamosi, saa 16 kwa dola 18. Analipwa wiki inayofuata, benki inaingia 240, naye anaandika 240 kwenye wiki aliyopokea. Kakosea mara mbili. Pesa inaandikwa kwenye wiki uliyoifanyia kazi, Jumapili hadi Jumamosi, tena kabla ya makato: 288. Texas inakuachia robo ya fao, 100 kwenye 400, inayozidi inakatwa. Wiki hiyo alistahili 212. Miezi ikipita, taarifa za mwajiri zinalinganishwa na zake, barua inakuja: ulizidishiwa, rudisha. Texas haisamehi deni hilo hata uwe na shida gani.

Pwani_Houston: Mimi naogopa kitu kingine. Hawa wenye kadi ya kijani wakichukua mafao, si itawaharibia uraia?

Hesabu_Kali: Hapana. Ni bima, mwajiri ameichangia, haihesabiwi kama kutegemea serikali. Kwa anayefanya kazi kwa kibali cha muda, cha kuangalia ni kibali hicho. Kikiisha muda katikati, huhesabiwi kuwa tayari kufanya kazi, na malipo yanasimama.

Bi_Mkubwa: Na wakate asilimia 10 ya kodi ya shirikisho kabisa. Mafao yanatozwa kodi, Aprili isije ikawa kilio.

Pwani_Houston: Kukata tena? 400 yenyewe ndiyo hiyo!

Mgeni_Dallas: Ahsanteni. Naelekea Iowa, ila wiki 24 nazo zinanivuta. Nilisahau kusema, kampuni imenipa karatasi ya kiinua mgongo cha wiki nne, wanataka saini kesho.

Mzee_wa_Rufaa: Kijana, hilo ndilo ungeanza nalo! Texas kiinua mgongo kinasimamisha malipo kwa wiki kinazofunika, ila kama wamekulipa ili usiwashtaki, hakihesabiwi hivyo. Hiyo karatasi inasemaje hasa? Andika hapa maneno yake.