Miwani ya polaraizi na kioo cha simu: nibadilishe simu au miwani?

BodaMbezi
Wakuu, habari za mchana. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nafanya kazi ya pikipiki hapa Dar, abiria na vifurushi, simu inakaa kwenye holda muda wote kwa ajili ya ramani. Nimenunua miwani ya jua ya polaraizi, ile inayokata mng'ao, maana jua la saa nane pale barabara ya Bagamoyo likipiga lami na vioo vya magari ya mbele, macho yanatoa machozi. Miwani imenisaidia sana, kwa lami sina malalamiko. Shida ni simu. Nikitupa jicho kwenye ramani naona kioo cheusi kabisa, nikilaza kichwa pembeni picha inarudi. Nimebaki na njia tatu: ninunue simu ya AMOLED (kioo ambacho kila nukta inawaka yenyewe), ninunue ya LCD (kioo kinachomulikwa na taa ya nyuma) yenye mwanga mkali, au niachane na hii miwani nichukue ya kawaida. Ipi ni bora? Nataka kulipia wikiendi hii.

FundiVioo
Mkuu, hujasema unatumia simu gani. Simu iko wima au umeilaza? Umeweka protekta, ile ya kulinda kioo, ya aina gani? Na bajeti yako? Bila hayo tutakujibu kwa kubahatisha.

MzeeWaGalaxy
AMOLED, hakuna mjadala. Samsung A15 au A16, zote ni Super AMOLED na bei zake haziumi. A05 na A06 usiziguse, zile ni LCD. Mimi navaa miwani hiyohiyo, simu naiona saa zote.

Kijana_wa_Redmi
Mzee umeanza tena. Redmi Note 13 nayo ni AMOLED na mwanga wake unaizidi hiyo A15 yako. Ila mleta mada aangalie jina vizuri, Redmi 13C ni LCD. Wauzaji wengi wanakwambia "Redmi 13" halafu wananyamaza, unafika nyumbani ndiyo unagundua umebeba nini.

TichaFizikia
Hapo wote mnampeleka haraka. Kujua ni AMOLED au LCD peke yake hakumsaidii sana, ngoja nieleze.

Mwanga wa jua ukigonga lami au maji kwa pembeni, sehemu kubwa ya ule unaorudi machoni huwa unatikisika kwa ulalo. Miwani ya polaraizi ina utando unaoruhusu mtikisiko wa wima na kuzuia wa ulalo, ndiyo maana mng'ao wa lami unakufa. Sasa kioo cha simu nacho kina utando wa namna hiyohiyo. LCD haiwezi kufanya kazi bila tando mbili za aina hiyo, moja nyuma na moja mbele. AMOLED ingeweza kuwaka bila huo utando, lakini watengenezaji wanauweka mbele pamoja na utando mwingine mwembamba, ili mwanga wa nje usirudishwe na metali iliyomo ndani na nyeusi ibaki nyeusi. Kwa hiyo simu zote mbili zinatoa mwanga uliokwisha kuchujwa.

Kinachoamua ni pembe kati ya utando wa simu na wa miwani. Zikielekea upande mmoja unaona vizuri. Zikipishana nyuzi 45 unapata nusu ya mwanga, zikifika 90 hupati kitu. Kanuni hiyo ina jina la Malus, Mfaransa aliyeigundua mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mtengenezaji akiulaza utando kwa nyuzi 45, simu itafifia kidogo ikiwa wima na kidogo ikiwa imelazwa, lakini haizimiki. Wengine wanaongeza tabaka la juu linalouvuruga ule mpangilio, na hapo shida inakwisha kabisa. Hilo tabaka linaweza kuwekwa kwenye LCD au kwenye AMOLED, na kwenye boksi hutalikuta limeandikwa.

MzeeWaGalaxy
Ticha, nakuheshimu, lakini mimi nina simu mkononi na miwani usoni. Inaonekana.

TichaFizikia
Inaonekana hiyo yako, kaka, sikatai. Nakataa kumwambia mtu atoe laki nne kwa sababu ya neno AMOLED tu.

RiderWaNgara
Boss, kabla utoe pesa, geuza simu kwanza. Mimi nafanya delivari hapa Nairobi, simu yangu ya zamani ilikuwa ikizima ikiwa imelala, nikiisimamisha wima iko sawa. Nilibadilisha tu vile inakaa kwa holda, sikununua kitu. Ramani hata inasomeka poa zaidi ikiwa wima, unaona barabara iliyo mbele.

BodaMbezi
Asanteni wakuu. Simu ni Samsung A51, niliinunua mkononi kwa mtu. Nimeilaza kwenye holda kwa sababu holda yenyewe imekaa hivyo. Protekta ni ya kioo. Bajeti laki nne, nikibanwa nne na nusu.

FundiVioo
Subiri. A51 ilitoka kiwandani na Super AMOLED. Naomba unijibu haya: kioo kimewahi kubadilishwa? Alama ya kidole pale kwenye kioo inafanya kazi?

BodaMbezi
Kioo kilipasuka nikabadilisha kwa fundi. Alama ya kidole haifanyi kazi tangu hapo, aliniambia ni programu, itarudi nikisasisha simu. Haijarudi.

FundiVioo
Haitarudi. Umewekewa kioo cha kopi cha LCD. Kisomeo cha alama kwenye A51 kiko chini ya kioo na kinaona kidole kupitia paneli ya AMOLED. LCD ina taa na karatasi zake nyuma, hazipitishi picha ya kidole, basi kisomeo kinakuwa kipofu. Ingia chumba chenye giza, fungua picha nyeusi tupu, pandisha mwanga mpaka mwisho. Ukiona kioo chote kinatoa mwanga wa kijivu, hasa kwenye kingo, ujue ni LCD. AMOLED halisi nyeusi yake ni giza kabisa, huoni hata simu inaishia wapi. Angalia na ukingo wa chini, vioo vya kopi vya A51 vingi vina mdomo mnene kuliko wa kwanza.

Mimi nafunga vyote viwili, cha kopi na cha kampuni, na kila mteja namwambia anachopata na bei yake kabla sijashika bisibisi. Mteja akitaka kopi ni haki yake, hela yake. Kumficha ndiyo kunatuharibia kazi sote.

BodaMbezi
Duh. Jana usiku nimefanya hiyo ya giza, kijivu kimejaa. Kwa hiyo nikifunga kioo cha kampuni, na miwani itakubali?

FundiVioo
Alama ya kidole itarudi, rangi zitarudi. Ya miwani siwezi kukuahidi mpaka tukishike na kukizungusha, Ticha ameshaeleza sababu. Na kioo cha kampuni cha AMOLED kwa simu ya umri huo, piga hesabu, unaweza ukakuta umekaribia bei ya simu nyingine.

Nahodha_Nungwi
Assalaam aleikum. Haya mambo mie yamenifika baharini, nataka niyaeleze kwa urefu kidogo maana wengine mnayaona madogo.

Mie nachukua wageni kwenda Mnemba. Kwa kazi yetu miwani ya polaraizi si pambo. Maji yakiwa yanang'aa huoni chini, ukivaa miwani mng'ao unaondoka na mwamba unauona rangi yake, kahawia pale palipo kina kifupi, kijani kwenye mchanga, buluu palipo kina. Bila hiyo unakwenda kwa mazoea. Tajiri wa boti akaleta mashine mpya ya GPS, nzuri, kubwa, akaifunga mwenyewe pembeni ya usukani kwa ulalo fulani ili isipigwe na maji ya chumvi. Siku ya kwanza kuitumia nina boti imejaa wageni, maji yanakupwa, upepo wa kusi unatusukuma, nikaiangalia ile mashine, nyeusi ti! Nikamwambia kijana wangu akague fyuzi. Fyuzi nzima. Akakagua waya wa betri, nao mzima. Tunahangaika hivyo na boti inasogea upande wa mwamba, mpaka mgeni mmoja wa nyuma akauliza mbona tumesimama. Nikavua miwani nipanguse chumvi, mashine hii hapa inawaka, ramani imejaa, kina kimeandikwa. Nikavaa tena, giza.

Tuliondoka pale salama kwa jicho na kwa uzoefu wa kijana wangu aliyekuwa mbele akitazama maji. Lakini nahodha mgeni, asiyeijua njia, angefanya nini? Tajiri nilimwambia, akabadilisha ulalo wa ile mashine, na sasa inaonekana vizuri na miwani ikiwa usoni. Kwa hiyo ndugu yangu wa pikipiki, msikilize huyo wa Nairobi. Anza na kugeuza.

Mwana_Maskati
Nahodha umenena. Mie niko Maskati, gari la kazini linarusha namba za mwendo kwenye kioo cha mbele, mbele ya macho ya dereva. Ukivaa polaraizi zile namba zinafifia mpaka hazipo. Nimezoea kutazama dashibodi tu. Na huku jua bila miwani huendeshi.

Dada_Miwani
Nauza miwani, nisaidie upande huo maana mnazungumza simu tu. Kwanza BodaMbezi ana bahati, kuzimika kwa simu kunaonyesha miwani yake ni polaraizi kweli. Nyingi za barabarani zina stika tu. Mteja akinijia namwambia atoe simu, ashike miwani mbele ya kioo, azungushe taratibu. Isipobadilika hata kidogo kwa duara zima, ajaribu na kioo kingine, hata cha kikokotoo. Navyo visipobadilika, stika imemdanganya.

Pili, polaraizi na kinga ya mionzi ni vitu viwili. Polaraizi inaondoa mng'ao. Kinga ya macho ni ile UV400, inayozuia mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana, yenye urefu wa wimbi mpaka nanomita 400. Miwani ya kawaida isiyo polaraizi ikiwa na UV400 ya kweli inalinda macho vilevile. Tatu, angalia namba ya giza. Kundi la 3 linapitisha mwanga asilimia 8 hadi 18, linatosha jua la Dar. Kundi la 4 linapitisha asilimia 3 hadi 8 na halifai kuendeshea chombo chochote barabarani, hata mchana. Jua likizama vua, usiendelee nayo kwa sababu imekupendeza.

MzeeWaGalaxy
Na marubani wanasemaje? Nasikia hawavai kabisa polaraizi.

TichaFizikia
Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inawashauri marubani wasizitumie. Zinaweza kufifisha vioo vya chumba cha rubani, na zinaua ule mmweko wa jua kwenye ndege nyingine unaokusaidia kuiona mapema.

MtembeaKwaMiguu
Samahani, mimi ndiye nasimama kwenye zebra pale Mwenge. Hivi tunajadili jinsi dereva wa pikipiki ataangalia simu vizuri akiwa mwendoni? Weka maelekezo ya sauti, sikio moja, macho barabarani. Mdogo wangu aligongwa na pikipiki ambayo dereva wake alikuwa anatafuta nyumba ya mteja kwenye simu. Mguu mpaka leo una vyuma. Hili kwangu si la kupita tu.

BodaMbezi
Pole sana kwa mdogo wako, dada. Sauti naitumia, lakini ile sauti inasema "pinda kushoto" ukiwa umeshaipita njia, na huku uswahilini ndiyo kabisa haijui vichochoro. Oda nayo inapiga mlio, lazima uone inatoka wapi. Nikihitaji kusoma nasimama pembeni. Hata nikisimama, kioo ni cheusi, na kuvua miwani huku nimevaa helmeti ni kazi.

MtembeaKwaMiguu
Ukisimama sina neno. Wenzako hawasimami.

RiderWaNgara
Ukweli usemwe, hizo kampuni zinazotupa oda zinahesabu dakika. Ukisimama unachelewa, ukichelewa nyota zinashuka. Wanaofaa kuulizwa ni wao pia.

Kijana_wa_Redmi
Turudi kwenye simu. Kuna jambo hamjamwambia, AMOLED ikikaa na ramani ileile kutwa nzima, mwanga umepandishwa mpaka juu, jua linaichoma, vile vitufe vya programu vinabaki kama kivuli kwenye kioo. Simu ya jamaa yangu ina alama ya kitufe cha "Pokea" hata akiangalia mpira. LCD haina sana hiyo shida. Na nimeisema mimi mpenzi wa AMOLED.

FundiVioo
Kweli hiyo, naletewa simu za hivyo. Kwa kazi ya kutwa juani LCD nzuri inavumilia, na kioo chake ukikipasua bei haikutoi roho. Ila juani mwanga wake uwe wa kutosha.

TichaFizikia
BodaMbezi, Jumamosi nenda dukani na miwani usoni. Muombe muuzaji awashe simu, mwanga mpaka mwisho, ukurasa mweupe. Itazame wima, ilaze kushoto, ilaze kulia, halafu toka nayo mlangoni kwenye jua. Fanya hivyo na kila simu unayoitaka. Protekta nayo izingatie, za plastiki nyingine zinaleta rangi za upinde wa mvua ukiwa na miwani, na nyingine zinageuza mwanga kiasi kwamba simu iliyokuwa inazimika haizimiki tena. Jaribu bila protekta, kisha na protekta.

BodaMbezi
Sawa Ticha. Leo nimeizungusha holda kwa spana, simu ikawa wima. Haizimiki tena, ila imefifia na rangi zimekuwa na ukijani. Ramani nasoma nikiwa kivulini, juani bado ni shida. Kwa hiyo simu bado nataka. Nimebaki kati ya A16 na hiyo Redmi Note 13, nikizikuta zote ndani ya bajeti.

MzeeWaGalaxy
A16. Chukua ulale.

Kijana_wa_Redmi
Note 13, mwanga ndugu yangu, mwanga! Unafanya kazi juani.

Nahodha_Nungwi
Na maji je? Mvua za masika zinakuja na simu iko kwenye holda. Kati ya hizo ipi inastahimili maji?

Dada_Miwani
Na kabla hatujaingia kwenye mvua, kuna mtu hapa anavaa polaraizi zenye namba za daktari? Nina mteja dereva wa daladala anazitaka, anauliza kama vioo vyake vinafifisha simu kuliko za kawaida.